Samaki wa Jopo

Katibu wa idara yetu alinipigia simu siku chache kabla ya utetezi wangu. Hakuniuliza kama slaidi zangu ziko tayari. Aliniuliza nitapika nini.

"Madam, usilete kuku," akasema. "Wiki jana mwenzako alileta kuku, jopo ikachoka. Leta samaki. Yule mtahini wa nje anapenda ngege ya kukaanga, ile imekauka kabisa. Na Prof hakuli kichwa, usimwekee kichwa."

Nikamwambia sawa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanafunzi anayetetea tasnifu yake lazima alishe jopo, na hakuna anayethubutu kuja mikono mitupu. Watu wazima wenye mishahara na magari yao huketi kwenye meza ndefu, masikio yakiwa kwako na pua zikiwa kwenye masufuria yaliyo nyuma ya mlango. Mwenzetu mmoja aliwahi kuja na chai na mandazi tu, wakamrudisha. Walisema ni kwa sababu ya milinganyo yake. Kusema kweli milinganyo ilikuwa mibovu, lakini mandazi nayo hayakumsaidia.

Samaki hawakunipa wasiwasi, maana ndio walionilea. Mama yangu alikuwa akikaanga samaki kwenye ufuo mmoja magharibi ya Kisumu, upande wa kuelekea Seme, tangu kabla sijajua kutembea. Karo yangu yote, kuanzia chekechea hadi shahada ya uzamili, ilitoka kwenye karai lake. Nilipomwambia jopo linataka ngege, alicheka akasema kumbe maprofesa nao wana akili.

Nilikuwa nasomea antena. Au niseme vizuri: nilikuwa nasomea mabomba matupu. Watu wengi hudhani mawimbi ya mitambo hupita kwenye waya, lakini mawimbi ya mikrowevu, ndugu wa yale yanayopasha ugali wa jana, hayauwezi waya kwa masafa. Yanachoka njiani. Yanapenda bomba la chuma lenye pembe nne, tupu, lililosuguliwa ndani likang'aa. Ukilikata bomba hilo nyufa ndogo ubavuni, mawimbi huvuja, na ukijua pa kukata yatavuja kuelekea unakotaka wewe. Hapo bomba limekuwa antena. Usomi wangu wote ulikuwa huo, kujua mahali pa kutoboa.

Adui niliyepewa alikuwa ziwa. Ukirusha mawimbi juu ya maji, mengine huenda moja kwa moja mpaka ng'ambo, na mengine hugusa maji, yakaruka, yakafika yakiwa yamechelewa kidogo. Yakikutana hugombana. Kuna saa yanasaidiana, na kuna saa yanafutana kabisa, kipimo kikaanguka kana kwamba mtu wa upande wa pili amezima mitambo akaenda kulala. Antena yangu ilitakiwa itazame mbele tu, isiyaone maji.

Nilitengeneza antena mbili: moja niliifunga juu ya paa la chuo, mjini. Ya pili niliifunga kwenye mlingoti ufuoni, chini ya Kombewa. Mstari huo niliuchagua mwenyewe, kwa sababu mawimbi yaligusa maji karibu na nusu ya njia, mbele ya ufuo wa mama. Nilijua kwamba nikitaka kujua hali ya maji sina haja ya kwenda, nampigia simu tu.

Sasa nimtaje msimamizi wangu. Alikuwa Profesa, mtu wa Milimani, mwenye geti jeusi na mbwa wawili wanene kuliko wanafunzi wake. Jumamosi alitutaka tumpelekee sura za tasnifu nyumbani, na tulimngoja nje ya geti hilo juani. Siku moja mlinzi alituonea huruma akatuletea viti. Profesa alitoka, akamwambia avirudishe. Alisema wasomi husimama.

Kwangu mimi alikuwa na jambo la ziada. Siku ya kwanza aliniuliza wazazi wangu wanafanya kazi gani, nami kwa ujinga wangu nikamjibu. Tangu siku hiyo, kila nilipoingia ofisini mwake alinusa hewa, akainuka, akafungua dirisha. Alirudi kitini, ndipo akaniuliza, "Ndiyo?" Nilikuwa nikiishi Nyamasaria, mbali na ufuo, naoga asubuhi na jioni, na nguo zangu hazikuwahi kukutana na samaki. Nilinunua manukato. Alilifungua dirisha kwa upana zaidi.

Ulimi wake pia ulikuwa na wembe. Nilipomletea bomba langu la kwanza, mbele ya wenzangu, aliligeuza akalichungulia, akasema ni kazi safi, nimpelekee mama akalichomee samaki. Wenzangu walicheka. Walikuwa nao wana sura zao za kusomwa, kwa hiyo siwalaumu sana, ila nawakumbuka wote kwa majina na nitaendelea kuwakumbuka.

Tulipoanza kupima, ghuba yote ilikuwa imefunikwa na gugu maji, ambalo huku kila mtu huliita hayasinthi. Lilikuwa limesimama juu ya maji kijani kibichi, na maua yake ya zambarau ambayo wageni hupenda kuyapiga picha. Mimi nilikuwa nalitazama kutoka juu ya paa na kuliona zuri pia, Mungu anisamehe, kwa sababu kipimo changu kilikuwa kizuri. Mchana, asubuhi, mvua, jua, kilichora mstari ulionyooka. Mawimbi yalivuka ziwa bila ugomvi wowote. Nilikagua na kukagua tena, nikaona hakuna kosa. Nikaamini nimelishinda ziwa.

Profesa naye aliamini. Siku niliyompelekea michoro hiyo hakufungua dirisha. Nilikaa pale nikingoja ainuke, hakuinuka. Aliiangalia michoro, akasema, "Antena yetu inafanya kazi." Baada ya mwezi hivi nilimsikia akimweleza mgeni kwenye korido habari za "antena yangu". Nilikuwa nimesimama kando na kikombe chake cha chai mkononi.

Wakati huohuo ufuo wa mama ulikuwa umekufa. Mashua zilikuwa zimekwama katikati ya majani, na wanaume waliojaribu kulipasua gugu kwa panga na makasia walirudi wamechoka bila hata omena wa kuonja. Mbu waliongezeka. Nyoka walikuja hadi kwenye majiko. Wanawake wa ufuo wakawa wananunua samaki wa barafu, wale wanaokuja kwa katoni kutoka nje ya nchi, wakakaanga hao na kuwauzia watu wa ziwa. Mama aliwakaanga akiwa amegeuza uso. Aliniambia ni aibu kukaa mbele ya kisima na kuuza maji ya chupa.

Halafu asubuhi moja alinipigia simu, na kabla hajasema neno nilisikia vigelegele nyuma yake.

"Nyara! Imetoka!" alikuwa anapiga kelele. Ananiita hivyo, binti yangu, kwa Kijaluo. "Upepo imesukuma hayasinthi yote! Maji inaonekana! Wanaume wameshaingia!"

Nililia kwa furaha, nasema kweli. Nikapanda paani na simu ingali sikioni, niyaone mwenyewe hayo maji. Ghuba ilikuwa wazi, inang'aa mpaka ng'ambo, na mashua zilikuwa zinatoka moja baada ya nyingine. Nikageuka kukiangalia kipimo. Kilikuwa kimeanguka.

Nilidhani ni nyaya. Nikazikagua. Nilidhani nyigu wamejenga ndani ya bomba, maana nyigu wa huku wanapenda mabomba kuliko wahandisi wanavyoyapenda. Nikachungulia, hapakuwa na kitu. Nikaenda mpaka Kombewa kwa pikipiki, nikafungua antena ya pili, nikaisafisha, nikaifunga tena. Kipimo kilipanda, kikaanguka, kikapanda, kikaanguka. Ulikuwa ule ugomvi wa mawimbi mawili niliofundishwa darasani, neno kwa neno.

Nikaelewa nikiwa juu ya mlingoti, nikilitazama ziwa tupu. Antena yangu haikuwahi kulishinda ziwa. Gugu ndilo lililokuwa limelifunika, likawa linayatawanya mawimbi yaliyogusa chini, yasiruke. Majani yale ndiyo yaliyofanya kazi yote, na bomba langu lilikuwa limekaa tu linapokea sifa, mithili ya Profesa.

Tangu hapo nilimpigia mama kila asubuhi. "Mama, hayasinthi iko wapi leo?" Kulikuwa na visiwa vyake vilivyobaki, vinaelea huku na huko kwa upepo. Mama alinieleza kwa utaratibu: leo kipande kimoja kiko kwenye mawe, leo kimekwenda upande wa mjini, leo hakuna kitu. Kisiwa kilipopita mbele ya ufuo, kipimo kilitulia kidogo. Kilipoondoka, kipimo kilianguka. Yeye aliamini nauliza kwa sababu ya mashua na karai lake, akawa ananijibu kwa upole, akinituliza. "Usijali, nyara, imekaa mbali. Itaenda."

Niliandika sura nzima juu ya jambo hilo nikampelekea Profesa. Aliisoma mbele yangu. Kisha akainuka, akafungua dirisha.

"Itoe hii," akasema.

"Profesa, ndio ukweli wa vipimo."

"Chuo hiki hakitoi shahada kwa magugu. Una miezi mizuri ya vipimo. Weka hiyo, achana na mingine."

Nilikataa. Natamani niseme nilikataa kwa sababu ya heshima ya sayansi, lakini nilikataa kwa hasira. Kama angeliacha lile dirisha, labda ningeitoa. Alifunga kurasa zangu, akazisukuma mpaka ukingoni mwa meza ili nizidake zikianguka.

"Basi utatetea mwenyewe," akasema.

Siku ya utetezi mama alifika mapema na masufuria yake. Ziwa lilikuwa wazi bado, kwa hiyo samaki walikuwa wa ziwani, ngege wanene waliovuliwa alfajiri hiyo, na alikuwa amewakaanga wakakauka kama mtahini wa nje alivyopenda. Alileta ugali wa mtama, mboga ya osuga, jagi na beseni la kunawia. Alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani na viatu vilivyombana. Nilimkalisha kwenye baraza, kando ya ukuta, chini ya madirisha ya chumba cha mkutano, nikamwambia atulie pale nitamwita. Alinishika mkono akaniambia niongee kwa sauti, nisimung'unye.

Niliingia nikaanza. Nilikuwa nimefika kwenye slaidi ya tatu au ya nne Profesa aliponusa hewa. Harufu ya samaki ilikuwa imeingia kutoka barazani, na safari hii kweli ilikuwepo. Aliinuka akafungua dirisha, lile lililokuwa juu ya kichwa cha mama yangu. Niliendelea kuongea kwa sauti, kama nilivyoagizwa.

Nilipomaliza, mtahini wa nje alivua miwani. "Kwa hiyo unatuambia kwamba hii antena uliyobuni haifanyi kazi?"

"Inafanya kazi gugu likiwepo."

"Na lisipokuwepo?"

"Ziwa linashinda."

Mhadhiri mmoja aliyekuwa pembeni, ambaye hakuwa amefungua hata ukurasa wa kwanza, akasema basi shahada ipewe hayasinthi, ndiyo iliyofanya utafiti. Walicheka wote. Mwingine akauliza hayasinthi itavaa joho la saizi gani. Walicheka tena, na mmoja akapiga meza kwa kiganja. Nilimtazama Profesa, msimamizi wangu, ambaye kazi yake siku hiyo ilikuwa kukaa upande wangu.

"Nilimwonya," akasema. "Hawa watoto wa ufuoni, ukiwapa maabara wanakuletea ziwa."

Mtahini wa nje hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alisubiri kicheko kiishe, akanieleza kwa makini. Alisema huenda ninachokiona ni sadfa tu. Gugu liliondoka, na labda siku hiyohiyo mitambo ikapata hitilafu. Vile visiwa vinavyopita havitoshi. "Msimu mmoja hauthibitishi kitu. Ngoja lirudi, lifunike kama mwanzo, upime tena. Kipimo kikipanda, mimi mwenyewe nitakupitisha."

"Na lisiporudi?" nikauliza.

"Omba lirudi," Profesa akadakia. "Si mama yako yuko huko ufuoni? Naye aombe."

Nje, chini ya dirisha, nilisikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa mahali pake polepole.

Walinitoa nje wajadiliane, wakaniita, wakaniambia nimerudishwa mpaka gugu lifunike ghuba tena. Kisha mwenyekiti wa jopo akasugua mikono na kuuliza chakula kiko wapi.

Mama aliingia na jagi na beseni. Alianza na mtahini wa nje, akammwagia maji mikononi, akaenda kwa mwenyekiti, akaenda kwa yule aliyetaka kuivisha hayasinthi joho. Alipofika kwa Profesa aliinama kidogo, kama tunavyoinama kwa mgeni. Profesa alinyoosha mikono bila kumwangalia, akiendelea kuzungumza na jirani yake, na mama akasimama ameinama hivyo hivyo mpaka Profesa alipomaliza hadithi yake ndipo akanawa. Alimpakulia samaki asiye na kichwa. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na nilitamani maji yale yangekuwa ya moto.

Walikula wakala. Walinyonya mifupa. Mtahini wa nje alimsifu mama, akasema hajala ngege kama hao miaka mingi, na mama akasema ahsante Baba, ongeza. Profesa aliomba afungiwe wawili awapeleke nyumbani, na mama akamfungia.

Tuliosha masufuria pamoja kwenye bomba la nyuma ya karakana. Nilitaka aseme kitu na niliogopa asije akasema. Alisugua sufuria lilelile mara nyingi.

"Kumbe hii kitu inakusaidia," akasema mwishowe, bila kuinua uso.

"Hainisaidii mimi, mama. Inasaidia kipimo."

"Na kila asubuhi ulikuwa unaniuliza iko wapi."

Wahenga walisema kufa kufaana, na tangu utotoni nilidhani ni methali ya majeneza na wachimba kaburi. Hawakutaja kwamba anayekufa anaweza kuwa mama yako na anayefaidika ukawa wewe. Alijifuta mikono, akavua vile viatu, akavibeba mkononi mpaka stendi.

Niliacha kumpigia asubuhi. Alipiga yeye. Sauti ilikuwa ileile, taarifa ilikuwa ileile. Hakuna kitu leo, nyara. Maji ni wazi. Leo nimeona kidogo upande ya mjini, labda inakuja. Alikuwa ananipa pole kwa sababu ziwa lilikuwa wazi, yeye ambaye karai lake lilikuwa limejaa. Nilimkatalia, nikamwambia aachane na mambo hayo, nitatafuta kazi nyingine, shahada sio chakula. Akaniambia mimi sijui chakula ni nini, nimwachie yeye.

Wanawake wa ufuo wake walikuwa na kikundi cha maombi kilichokutana chini ya banda la kuuzia samaki. Kila wiki walisimama wakaliombea ziwa, na ombi la kwanza lilikuwa hilo, gugu lisirudi. Wiki hiyo baada ya utetezi wangu walisimama wote, mama akabaki ameketi. Walimuuliza kama anaumwa. Mama hajui kuficha. Akawaeleza, kwa lugha rahisi aliyoisikia chini ya dirisha, kwamba masomo ya binti yake yanangoja hayasinthi, kwa hiyo hawezi kuomba isirudi, na hawezi pia kuomba irudi, basi acha akae.

Walimfanyia anachostahili mtu anayeombea njaa ije. Walihamisha majiko yao, wakamwachia upande wa upepo, moshi wote ukawa wake. Mvuvi aliyekuwa akimuuzia samaki wa kwanza wa alfajiri akaanza kumwonyesha waliobaki. "Ngoja hayasinthi yako," walimwambia. Hakunisimulia hayo. Nilisimuliwa na jirani yake, aliyenipigia simu akijifanya ananisalimia, na nilisikia utamu kwenye sauti yake alivyokuwa akinieleza.

Gugu lilirudi na mvua. Mama alinipigia alfajiri, na safari hii nyuma yake hapakuwa na vigelegele.

"Imekuja," akasema. "Imefunika mpaka kwenye mawe. Hakuna mashua imetoka. Yawa, haraka, enda upime, ili iende."

Nilipanda paani. Ghuba ilikuwa kijani tena. Niliwasha mitambo, na kipimo kikapanda moja kwa moja, kikatulia, kikaanza kuchora ule mstari wake ulionyooka. Nilikuwa sahihi tangu mwanzo hadi mwisho. Nimewahi kusikia watafiti wakieleza furaha ya siku walipothibitisha jambo lao. Mimi nilikaa kwenye zege la paa nikalia kwa sauti, mpaka mfagizi akapanda kuangalia nani ameanguka.

Nilipima upesi kadiri nilivyoweza, lakini ushahidi hauna haraka. Ulihitaji asubuhi nyingi na jioni nyingi, gugu likiwa limetulia. Kila siku niliyopima vizuri ilikuwa siku moja zaidi ya karai tupu. Mama alirudi kwenye samaki wa katoni, na wenzake nao, na sasa walikuwa na mtu wa kumlaumu. Mmoja alimtemea mate mbele ya miguu. Hilo pia nilisimuliwa.

Katibu alinipigia simu tena. "Madam, jopo imekubali tarehe. Wanaomba ile samaki ya mara ya kwanza."

Nilimwambia mama nitapeleka kuku. Akakataa kabisa. Alisema waliomba samaki, wasije wakapata sababu. Basi alikuja na masufuria yaleyale na nguo ileile ya kanisani, na ndani ya masufuria mlikuwa na samaki wa katoni, aliokuwa amewakaanga kwa nyanya na pilipili nyingi wapate kufanana na kitu. Aliketi pale pale barazani. Nikaingia, nikaonyesha mistari yangu mitatu, wa gugu, wa maji matupu, na wa gugu tena. Hakuna aliyecheka. Mtahini wa nje alitimiza neno lake, akanipa mkono. Profesa alisema siku zote alijua kuna kitu kwenye ile sura ya magugu, na kwamba yeye ndiye aliyenisisitizia niifuatilie. Hakuna aliyefungua dirisha. Samaki wa katoni hana harufu ya kufika mbali.

Mama aliingia na jagi akawanawisha wote. Profesa alimega samaki, akatafuna, akaacha kutafuna. "Hawa hawana ladha," akasema. "Wale wa mara ya kwanza walikuwa watamu."

"Ziwa imefungwa, Prof," mama akamwambia.

"Aa, pole," akasema, akasukuma sahani.

Tuliposhika njia ya kutoka, masufuria yakiwa bado na samaki wengi ndani, aliniuliza, "Wamekupa?"

"Wamenipa, mama."

"Kabisa? Hakuna kurudi tena?"

"Kabisa."

Aliweka masufuria chini pale njiani, akageukia upande wa ziwa, ambalo kutoka pale halionekani kwa sababu ya majumba. "Haya," akaliambia gugu. "Umemaliza kazi. Sasa uende."

Halikuenda. Ni muda mrefu sasa tangu siku hiyo. Profesa huisoma sura ile kwenye mikutano, jina lake likiwa mbele ya langu, na mimi nimepata darasa langu la kufundisha, ambalo ndilo ninalomlishia mama, maana majiko ya ufuo ule yamezimwa, na waliobaki hawamsalimii. Mitambo haijatolewa juu ya paa. Huwa napanda kuitazama ninapokuwa na nafasi, na ghuba ni kijani mpaka ng'ambo, na antena yangu inafanya kazi vizuri sana.